Pipa la Dizeli Njia ya Habaswein

Mafuta yanayochomwa Garissa huzunguka kuliko nilivyozunguka mimi. Hushushwa melini Kipevu, Mombasa, hulala matangini, husukumwa ndani ya bomba kilomita 450 hadi Nairobi, kisha hupakiwa kwenye malori na kurudishwa mashariki kupitia Thika, Mwingi na Ukasi mpaka daraja la Mto Tana. Mimi, mzaliwa wa Changamwe ambaye upande wa kaskazini nilikuwa sijavuka Malindi, nilipanda basi alfajiri na kupita njia ya mkato: Garsen, Hola, Bura, Madogo. Nilimwonyesha mtoto wa ami yangu ramani kwenye simu, nikamwambia mafuta yanafuata pande mbili za pembetatu na sisi tunafuata upande mmoja. Alijibu bila kufumbua macho.

"Bomba halichoki, kaka. Anayechoka ni mwenye kulilipia."

Yeye ni fundi wa mitambo ya dizeli, na njia hii anaijua kwa mashimo yake. Kamati ya maji ya kisima kimoja kilicho kati ya Modogashe na Habaswein ilikuwa imempigia simu: injini inakunywa kupita kiasi, inatoa moshi mweusi, na mifugo imejaa. Ilikuwa Septemba 2023, kiangazi kimekaza. Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimesoma sana magazetini hesabu za mafuta ya Kenya, takribani tani milioni 5 zinazotumika nchini kwa mwaka, zote kutoka ng'ambo, na kila mwandishi aliishia kwenye foleni ya magari Nairobi, kana kwamba mafuta kazi yake ni kuzungusha matairi tu. Nilitaka kufika kule orodha ya bei inakoishia.

Orodha hiyo hutolewa tarehe 14 ya kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na bei zake huanza kutumika usiku huo huo wa manane. Mombasa huwa chini kabisa, kwa kuwa meli zinashushia hapo. Mandera huwa juu kabisa. Katikati bei hupanda kadiri unavyoiacha bahari na bomba, na asiyejua jiografia ya Kenya angeweza kujifunza nusu yake kwa kuisoma. Huwa sielewi kwa nini watu wa Nairobi hulisoma jina lao tu na kuifunga orodha.

Changamwe tulikulia karibu na mwali wa kiwanda cha kusafisha mafuta. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1963, mwaka wa uhuru, kikawa kinapokea mafuta ghafi na kutoa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kikazeeka. Kampuni ya Essar ya India, iliyokuwa na nusu ya hisa, ilipopiga hesabu ya kukifanya upya iliamua kujitoa, na mwaka 2013 usafishaji ukakoma. Tangu hapo kila lita tunayochoma huja imekwisha kusafishwa katika nchi za watu. Na kejeli haikuishia hapo. Mafuta ya Kenya yenyewe yaligunduliwa Turkana, kisima cha Ngamia 1, mwaka 2012, yaani mwaka mmoja kabla ya kiwanda kufungwa. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000 na zaidi, iliposafirishwa kutoka Mombasa mwaka 2019, ilikuwa imehifadhiwa katika matangi ya kiwanda kile kile kisichosafisha tena, ikaondoka ghafi kama ilivyokuja.

Hola tulisimama kwa chai tu. Mimi nililijua jina hilo kwa kambi ya wakoloni ambamo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa Machi 1959. Abiria wenzangu walilijua kwa maembe. Ukishaiacha Hola nchi inakauka ghafla, udongo unageuka mwekundu, miti ya mathenge inaziba pande zote mbili za barabara, na mto unaoujua uko karibu hauuoni.

Bura ndipo nilipomwamsha fundi. Nilikuwa nimesoma habari za mradi ule wa umwagiliaji tangu shuleni, nikidhani ulikufa kwa sababu ya ukame. Haukufa kwa ukame. Mto Tana uko palepale na haujawahi kukauka. Mradi ulipangwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, familia zikaletwa kutoka sehemu mbalimbali za Kenya zilime pamba, na maji yakawa yanapandishwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli pale Nanighi. Shamba lililokusudiwa kuwa hekta 6,700 liliishia chini ya nusu ya hapo. Dizeli ilikuwa ghali, vipuri havikupatikana, pampu zikawa zinaharibika katikati ya msimu, na mwaka 1989 kilimo kikasimama. Watu waliohamishwa kutoka kwao wakabaki wamekaa kando ya mifereji mikavu, mto ukiwapita pembeni. Miongo miwili na zaidi ilipita ndipo serikali ikaanza kujenga mfereji wa kuleta maji kwa mteremko wake yenyewe, pasipo injini.

Fundi aliangalia nje ya dirisha akasema baba yake, ami yangu, aliwahi kupelekwa Nanighi kutengeneza moja ya pampu zile. "Alisema walikuwa wakizisubiri nozo kutoka ng'ambo mpaka pamba inanyauka." Akalala tena.

Nikaendelea peke yangu na hesabu. Pale ambapo maji yangeweza kushuka yenyewe, waliochora mradi walichagua njia iliyokuwa rahisi kujenga na ngumu kulipia, kisha wakamwachia mkulima ankara. Kosa hilo nililikuta tena mbele ya safari, kwa sura tofauti kidogo, na waliolifanya hawakuwa watu wajinga.

Madogo tulishushwa sote, vitambulisho mkononi, askari wakatukagua mmoja mmoja. Kwa mtu wa Mombasa ukaguzi huu ni usumbufu. Kwa watu wa hapa ni jambo la kila siku. Ng'ambo ya mto, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Aprili 2015, na hakuna aliyelalamika katika mstari wetu. Tukavuka daraja. Tana ilikuwa ya kahawia na nzito, na kwenye kingo zake nilisikia kwa mara ya kwanza sauti ambayo ingenifuata safari nzima: pampu ndogo za wakulima zikivuta maji kupeleka kwenye migomba, matikiti na nyanya. Ukanda mwembamba wa kijani unaofuata mto pale Garissa huishi kwa maji ya Mlima Kenya na kwa dizeli ya Ghuba kwa pamoja.

Joto la Garissa sitalieleza. Aliyelijua analijua.

Kwenye hoteli iliyo karibu na kituo cha mafuta tuliagiza anjera, nyama ya ngamia na chai ya maziwa, tukakaa na dereva wa lori la mafuta aliyekuwa akisubiri foleni ya kushusha mzigo. Mtu wa Mwingi, mchangamfu, anayezungumza Kisomali cha barabarani vizuri kuliko alivyokiri. Nilimwuliza bei ya dizeli hupandaje mpaka kufika Mandera. Akachukua chumvi, akaimwaga mezani, akaanza kuchora kwa kidole.

Lori lake likiwa limejaa, alisema, hula lita moja kila kilomita mbili na kidogo. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, kwa hiyo kabla hajafungua mfuniko amekwisha kuchoma lita 170 hivi. Kurudi mtupu hula pungufu, lakini hula. Sasa ipeleke hesabu hiyo Mandera, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, nusu ya njia ikiwa mchanga. Ongeza matairi. Ongeza siku za kulala njiani kungoja msafara wa polisi. Ongeza msimu wa mvua, njia inapokatika na lori kubaki upande mmoja na wateja upande wa pili. "Dizeli inajila yenyewe ikienda," alisema, akaifuta chumvi kwa kiganja. Nikamwuliza kama kuna siku aliwahi kuogopa. Alisema barabara ya Elwak, ile ya kwenda Mandera, aliiacha, akabadilisha mazungumzo.

Fundi aliongeza lile ambalo dereva hakutaka kulisema mbele ya mgeni: bei ya EPRA ni ya kituo cha mafuta chenye pampu. Nje ya mji mafuta huuzwa kwa chupa za maji na madumu, kwa bei ya anayeuza. Na kuna kipindi dizeli rahisi ilikuwa ikivuka kutoka Ethiopia, serikali ya huko ilipokuwa ikitoa ruzuku kubwa, kiasi kwamba watu wa Moyale walijaza kwa jirani. Mafuta ya taa nayo yana mambo yake. Mwaka 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Walioacha ni akina mama waliokuwa wakiwasha koroboi.

Kesho yake, kabla ya kupata gari la kwenda Modogashe, nilikwenda kukiona kituo cha umeme wa jua nje ya mji. Nilikuwa nimeona picha zake, hazisaidii. Ni hekta 85 za paneli, zaidi ya 200,000, zimepangwa zikitazama juu mpaka macho yanachoka. Uwezo wake ni megawati 50, kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kuzinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2019. Bandarini ninakotoka sote tumezoea kuamini kwamba nguvu huja kwa meli. Hapa nilisimama mbele ya nguvu iliyoshuka yenyewe bila kulipiwa ushuru wa forodha, na nakiri ilinipa raha.

Raha ile ilidumu mpaka nilipouliza umeme huo unakwenda wapi. Unaingia kwenye gridi ya taifa. Laini kubwa ya umeme ilifika Garissa mwaka 2016, na jenereta za dizeli ambazo kampuni ya umeme ya KenGen ilikuwa ikiendesha mjini zikazimwa. Hilo ni jema, na sioni haja ya kulitafutia doa. Lakini laini haikuendelea mbele. Habaswein, Wajir, Elwak na Mandera zilikuwa bado nje ya gridi, kila mji na kituo chake cha dizeli, baadhi vikiongezewa paneli. Kenya hujivuna, kwa haki, kwamba takribani asilimia 90 ya umeme wake unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hesabu hiyo ni ya kweli, nayo hutungwa kwa mvuke wa Olkaria na maji ya Mto Tana. Mtu wa Wajir akiwasha taa, lori lilipita kwanza.

Wala hachomi kwa gharama yake peke yake. Bei ya umeme ni moja nchi nzima, na mafuta ya vituo hivyo hugawanywa kwa wateja wote. Kwenye risiti ya tokeni kuna mstari wa gharama ya mafuta ambao Changamwe tunaulaani kila mwezi. Sehemu kubwa yake ni ya mitambo ya huku kwetu Pwani, Kipevu na Rabai. Sehemu nyingine imechomwa Wajir na Mandera. Sina ugomvi na kumchangia mtu wa Mandera, ambaye naye kwa miaka alichangia mabwawa asiyopata umeme wake. Ninachokataa ni mchango wa kununua kitu kinachoisha kila jioni, mwaka baada ya mwaka, wakati mchango huohuo ungenunua nguzo.

Gari tulilopata lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa Habaswein. Nyuma kulikuwa na magunia ya mchele, katoni za tambi, mitungi ya gesi na pipa moja la dizeli la lita 200, mali ya kamati ya maji, lililofungwa imara kwa kamba kuliko sisi abiria. Tulikaa tukilishikilia. Kila tuliporuka shimo, fundi aliligonga kwa ngumi na kusikiliza.

Njia ile bado ilikuwa na mifupa. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020, na kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mvua za Machi 2023 zilirudisha majani, lakini aliyekuwa na ng'ombe 60 akabaki na 8 hapati 60 kwa mvua moja. Mwenye pikapu, mtu wa mizaha, alituonyesha mahali lori lake liliponasa mwaka wa ukame kwa sababu ya vumbi, na mbele kidogo mahali liliponasa kwa sababu ya matope. Kisha akauliza kama Mombasa nako umeme ulizimika usiku wa tarehe 25 Agosti, nchi nzima ilipoingia gizani mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Nikasema ulizimika. "Habaswein tulikuwa na taa," alisema. "Tuliwapigia simu jamaa wa Eastleigh kuwapa pole." Alicheka mpaka akaikosa njia kidogo.

Kuna mafuta chini ya nchi hii? Wameshatafuta. Katika miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba visima kadhaa vya utafiti upande huu wa nchi, kimoja kikapewa jina la Garissa. Mwaka 2009 kampuni ya Kichina ya CNOOC ilianza kuchimba kisima cha Boghal, upande wa Merti, ikashuka zaidi ya mita 5,000, ikaona dalili za gesi na hakuna cha kuuza. Wakati huohuo, kwenye mita mia na zaidi tu, kuanzia Merti kupita Habaswein hadi kambi za Dadaab, kuna hifadhi kubwa ya maji matamu ambayo ndiyo iliyowaweka hai watu na wanyama wao. Tatizo ni hizo mita mia. Mkono haufiki, na kamba ya ngamia haifiki.

Tulifika kisimani alasiri. Kabla ya kuona chochote nilisikia injini, kisha nikaona vumbi, kisha ngamia: sijawahi kuona ngamia wengi hivyo mahali pamoja, wamekaa kwa makundi, kila kundi na wenyewe, wakisubiri zamu ya kuingia birikani kwa utulivu ambao sijauona kwenye kivuko cha Likoni. Mbuzi walikuwa na birika lao. Wanawake walikuwa na foleni yao ya madumu kwenye bomba la pembeni, nao hawakuwa na utulivu wowote.

Opareta, kijana mwenye masikio yaliyozoea kelele, alimpokea fundi kwa kumwita abti, yaani mjomba, na kumshika mkono muda mrefu. Injini ilikuwa Lister, ya zamani, inazungusha jenereta, na jenereta inaendesha pampu iliyozamishwa chini kabisa ya kisima. Fundi hakuigusa kwanza. Aliutazama moshi, akanusa, akauliza inachukua muda gani pipa kuisha. Ilikuwa inakula karibu lita sita kwa saa. Alisema ya ukubwa ule haifai kuzidi nne.

Walipoizima, ukimya ule uliwaamsha wazee kutoka kivulini kuliko mlio wowote ungefanya. Wakaja kusimama. Fundi alikuwa na muda mfupi na alijua. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi mpaka limekuwa tofali. Nozo zilikuwa zinatema dizeli badala ya kuinyunyiza, hivyo sehemu yake ilitoka kwenye bomba la moshi bila kuungua. Aliniambia nishike tochi, akafungua, akasafisha, akabadilisha, akapima nafasi za vali kwa kipimo alichokirithi kwa babake. Nilikuwa nikijiuliza tangu Mombasa kwa nini watu wamlipie fundi nauli ya mbali hivyo. Lita mbili kwa saa, injini ikifanya kazi saa 18 kwa siku wakati wa kiangazi, ni lita 36. Katika wiki ni zaidi ya pipa zima linalokwenda angani. Ndivyo nchi inavyoagiza mafuta ya moshi mweusi, nikafikiri, na sidhani kuna safu ya kuyaandika hayo kwenye hesabu za bandari.

Injini ilipowaka moshi ulikuwa mwembamba. Wazee walitazama juu, wakarudi kivulini.

Usiku ule ulikuwa wa Alhamisi, tarehe 14 Septemba. Mtandao ulishika kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya injini, na opareta alikuwa amesimama juu yake, simu mkononi, kamati ikiwa imekaa mkekani chini. Bei zikatoka. Nairobi petroli ilipanda kutoka shilingi 194.68 hadi 211.64, mara ya kwanza kuvuka mia mbili. Dizeli kutoka 179.67 hadi 200.99. Mafuta ya taa yaliongezeka shilingi 33 kwa mkupuo mmoja. Na hiyo ni Nairobi. Pale mkekani kila mmoja aliongeza chake kwa kimya, wakajua pipa lijalo litakuwa la bei gani.

Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu za hina, alinigeukia. "Mwanangu, wewe ni mtu wa bandarini. Meli hazikuja?"

Nikamwambia meli zimekuja. Nikajaribu kueleza: Saudia na Urusi zimepunguza uchimbaji, pipa moja duniani limepita dola 90; dola moja sasa ni kama shilingi 146; ushuru wa VAT kwenye mafuta umeongezwa tangu Julai kutoka asilimia 8 hadi 16; na mkataba wa Machi ambao serikali ilifanya na kampuni za mafuta za Saudia na Imarati, wa kuchukua mafuta na kulipa baada ya miezi sita, umeahirisha kutafuta dola lakini haukuondoa deni. Opareta alitafsiri. Nilisikia "dola" na "Saudia" zikipita kwenye Kisomali bila kubadilika.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazungumza polepole, nikatafsiriwa. "Mbuzi wetu wanakwenda kwao, mafuta yao yanakuja kwetu. Mbona bei ya mbuzi haitangazwi tarehe 14?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa fundi.

Kazi ngumu ilikuwa ya mama mweka hazina, aliyekuwa na daftari la shule na kalamu mbili. Wakati wa ukame mkali, alieleza, serikali ya kaunti na mashirika walikuwa wakitoa dizeli, mapipa yakishushwa bure. Mvua ziliponyesha mapipa yakakoma, ingawa visima havikuacha kunywa. Sasa kila mnyama analipiwa, ngamia kwa bei yake, ng'ombe kwa bei yake, mbuzi kwa bei ya chini, na dumu la nyumbani kwa bei ya chini kabisa. Kipi kipande? Wenye ngamia, ambao ndio wenye sauti, walitaka dumu lipande kidogo. Mama akafunga daftari. Alisema dumu likipanda, wanawake watarudi kuchota kwenye dimbwi pamoja na punda, kisha watoto wataharisha, kisha wenye ngamia watauza ngamia kulipa hospitali. Wakabishana mpaka mwezi ukapanda. Ngamia wakapanda bei, mbuzi kidogo sana, dumu likabaki.

Nikauliza swali ambalo kila mgeni huuliza: na jua? Nilikuwa nimetoka kuziona paneli laki mbili. Nilitegemea waniambie hawana fedha, au wanangojea mradi wa umeme wa jua wa KOSAP ambao Benki ya Dunia ilikuwa ikiufadhili katika kaunti 14 za aina hii. Opareta alinijibu mwenyewe, bila kumtafsiria mtu. Paneli wanazitaka, alisema, na barua imekwisha andikwa mara kadhaa. Kambini Dadaab visima vingi vimeshafungwa paneli na vinafanya kazi. Lakini jua la kusukuma pampu hudumu saa sita au saba tu kwa siku. Mwezi kama huu ngamia hunywa mpaka alfajiri, kwa sababu wametembea siku nyingi na wenyewe wanataka kuondoka kabla ya joto kurudi. Bila Lister usiku huo wangelala na kiu karibu na maji. "Jua mchana, Lister usiku. Anayekuja kutuambia tuchague kimoja, sisi tunampa chai anaondoka."

Nilipata jibu nililolifuata, ingawa sikulipenda sana. Mipango ya nchi hupenda kuandika mwaka ambao mafuta yatakoma. Pale kisimani walikuwa wakizungumza habari ya kuyapunguza nusu, kwa chujio safi, nozo mpya na paneli za mchana, na nusu iliyobaki wailipie kwa hesabu ya daftari la mama. Naona hesabu yao ilikuwa nzito kuliko ya Bura.

Asubuhi kamati ilimlipa fundi. Nusu ilikuwa fedha. Nusu, baada ya bei mpya, ilikuwa beberu mweusi aliyelishwa vizuri. Fundi hakubisha, alisema anawajua. Tukarudi na pikapu, pipa tupu likigongana na pembe za beberu mpaka Garissa. Kituoni karani wa basi alikuwa amekwisha kufuta nauli ya zamani kwa mkono na kuandika mpya, na mbuzi hakumtaka hata kwa nauli ya mtu mzima. Tukampeleka soko la mifugo. Fundi alijadiliana bei kwa Kisomali, mimi kwa Kiswahili, mnunuzi akatusikiliza sote wawili akamlipa fundi. Beberu alitosha nauli za watu wawili, chai, na mkate wa njiani.

"Mwezi ujao hatoshi," fundi alisema, akapanda basi.

Tarehe 14 Oktoba petroli ikawa 217.36.